Usingizi wa Dani

Stuli ile bado inanuka mpira uliopigwa jua. Niliikuta nyuma ya mlango wa nyumba ya Dani kule Asembo, siku tuliyokwenda kupanga vyombo kabla mwili wake haujaletwa kutoka mochari ya Kisumu. Ni stuli ya kukunja, ya kitambaa cha kijani na miguu ya chuma, aina wanayokalia wazungu wakivua samaki kwa starehe. Kitambaa kilikuwa kimefifia, na mguu mmoja ulikuwa umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Nilipoikunjua, harufu ikanijia puani na uso wangu ukapata moto, kama mtu aliyeitwa jina mbele ya darasa. Nikaikunja haraka, nikaiegemeza tena ukutani.

Dani ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kijaluo. Huyu alikuwa mama yake baba. Najua wenzangu wa rika langu wakisikia mtu alizungushwa Ulaya akiwa mtoto, tena na bibi yake, wanangoja awasimulie theluji na minara. Theluji sikuiona, maana tulikwenda wakati wa joto. Minara niliiona, lakini naikumbuka vibaya, kwa sababu safari nzima macho yangu yalikuwa kwenye vitanda.

Mimi nashona sare za shule huku Obunga. Nilijifunza mwenyewe kwa kufumua nguo kuukuu nione zilivyounganishwa, na mpaka leo mshono ukipinda kidogo naufumua wote, hata kama mteja amesimama mlangoni ananiambia uko sawa. Kuandika nako nimejifunza hivyo hivyo. Nawaambia mapema ili mjue anayesimulia ni mtu wa aina gani, na pia kwa sababu naamini tabia hii ya kufumua nilitoka nayo kwenye safari ile.

Safari ilitoka kwa Waya. Waya ni shangazi, dada yake baba, na huyu wetu alikuwa ameolewa Ubelgiji na mzungu anayeitwa Joris. Waya alifanya kazi katika kiwanda cha kufua shuka za mahoteli. Alitaka mama yake aone anapoishi kabla magoti hayajakataa kabisa, akasema mimi na mdogo wangu Akinyi tuandamane naye wakati wa likizo, tuwe miguu yake.

Mama yangu alikuwa na hofu moja juu yangu, na ilikuwa hofu ya haki. Nilikuwa msichana mkubwa, naongoza darasa, na bado nakojoa kitandani. Alinikunjia nailoni nene ya kutandika chini ya shuka, akaisukuma mwenyewe ndani ya begi langu.

"Hii usisahau," akasema. "Ukikojolea watu kitanda huko, watakurudisha na hiyo hiyo ndege. Na Dani watamrudisha pia, juu mmeenda pamoja."

Alisema akicheka. Mimi sikucheka. Nailoni ile ilipiga kelele kila ulipojigeuza, na nilijua Akinyi angeeleza watu ni ya nini. Asubuhi ya kuondoka niliitoa, nikaisukuma chini ya kitanda chetu. Niliamua kwamba nitaacha kukojoa, kama watu wanavyoacha sukari.

Kwenye uwanja wa ndege Joris alikuja na Waya kutupokea. Alikuwa mrefu, masikio mekundu, ana furaha ya mtu aliyefanya mazoezi ya furaha hiyo. Alipomwona Dani alifungua mikono yote miwili. Dani akaingia nyuma ya kigari cha mizigo. Joris akadhani ni mchezo, akazunguka. Dani naye akazunguka, akishikilia kitambaa chake cha kichwa, haraka kuliko nilivyodhani magoti yale yanaweza. Akinyi alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Joris, acha," Waya akasema. "Acha tu."

Dani alisimama upande wa pili wa kigari, macho chini. "Mwambie namsalimia," akamwambia Waya.

"Mama, si huyu hapa."

"Nimemwona. Ndiyo nasema umwambie."

Nyumba yao ilikuwa ghorofani. Dani alipita chumba baada ya chumba, mkoba mkononi, hakuuweka chini.

"Nyumba ya wageni iko wapi?" akauliza.

"Chumba chenu ni hiki, Mama. Mtalala na watoto."

"Na nyinyi?"

"Sisi ni hapo mbele."

"Na ya kutoka nje?"

"Ni hiyo mliingilia."

"Kwa hivyo mlango ni moja."

"Ni moja, Mama."

Mezani Dani hakukaa. Alisimama kwenye roshani akitazama mapaa ya watu, hadi Joris akaleta stuli ya kijani, akaiweka mlangoni mwa roshani, akarudi nyuma. Alipokwisha kuondoka kabisa, Dani akaivuta, akaikalia. Chakula alikula pale pale.

Wengi mnaosoma mnajua tayari kilichokuwa kikiendelea. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawashikani mikono, hawali meza moja, na mama mkwe halali kamwe chini ya paa la mkwe. Siyo ugomvi, ni heshima. Waya aliijua desturi hiyo vizuri, lakini alifikiri mama yake, mtu wa kanisa na sasa mtu wa ndege, angeiacha Kisumu. Dani naye alifikiri kwa mwanawe kutakuwa na kijumba pembeni, kama boma lolote la maana. Mimi sikujua lolote. Nilijua tu kwamba Dani alitupeleka kitandani, akatufunika, akasema, "Laleni, nakuja," na kwamba nilimwachia nafasi upande wa ukutani.

Nilipoamka kumekucha, nafasi ile ilikuwa tupu na imelowa. Maji yangu yalikuwa yametiririka kutoka nilipolala mpaka pale ambapo Dani angekuwa. Nikaelewa yote kwa mara moja. Alikuja, akalala, akalowa, akaondoka.

Akinyi alikuwa bado amelala pembeni, mkavu kama biskuti. Nilimwamsha, nikamwambia avae. Kisha nikatandika kitanda kile. Nilivuta shuka mpaka ikanyooka, nikapiga blanketi pembe, nikapanga mito. Sijawahi kutandika kitanda vizuri namna ile. Juu kilikuwa kama cha kwenye picha, na chini yake kulikuwa na ule unyevu wangu, na mimi nikasimama nakitazama nikifikiri labda hivi ndivyo watu wazuri wanavyofanya.

Jikoni wote walinyamaza nilipoingia. Waya alikuwa na macho mekundu. Joris alikuwa ameinamia kikombe. Dani alikuwa amesimama karibu na mlango wa nje, koti limefungwa vifungo vyote, mkoba begani. Leo najua kwamba alikesha roshani, amekaa, amejifunga blanketi, na kwamba tangu alfajiri walikuwa wakibishana kuhusu jambo hilo. Siku ile nilijua wanabishana kuhusu godoro.

"Vaeni viatu," Waya akasema. "Tunaenda kutembea."

"Kutembea wapi?" Akinyi akauliza.

"Ulaya," Waya akasema, kana kwamba hatukuwa tumefika.

Ndivyo safari yetu ilivyoanza. Waya alikuwa amechukua likizo ili akae na mama yake, na kama mama yake hangeweza kulala kwake, basi wangelala mahali ambapo hakuna mkwe. Joris hakuja. Alisimama mlangoni akapunga mkono, na niliona macho yake yana machozi. Nilidhani analilia godoro lake. Dani alishuka ngazi akiegemea bega langu, na mkono wa pili amebeba stuli ya kijani. Hakuna aliyempa. Aliichukua tu.

Tulipanda treni, tukashuka, tukapanda nyingine. Tulilala kwenye nyumba za bei rahisi za wasafiri, vitanda vya kupandana, na mara moja kwa masista waliotupa supu ya viazi. Dani alikunjua stuli yake kila mahali: kwenye majukwaa ya treni, kando ya mito, mbele ya kanisa moja la Ujerumani lenye minara mirefu ambalo alilitazama mpaka shingo ikamuuma.

"Jumapili inajaa?" akauliza.

"Hapana, Mama. Watu ni wachache."

"Ah. Waliijenga wakachoka."

Uswisi, kwenye ziwa, alivua viatu, akaingiza miguu, akachota maji kwa kiganja, akayanusa. "Hii ziwa imeoshwa na nani?" akasema. "Gugu haiko, boti haiko, harufu haiko. Samaki anajificha wapi sasa?" Mzee mmoja aliyekuwa akipita alimwinulia kofia, na Dani akamjibu kwa Kijaluo, habari za nyumbani na habari za mifugo, na yule mzee akasimama kusikiliza mpaka mwisho.

Ningeweza kuwa na furaha kubwa siku zile. Badala yake nilikuwa na kazi. Nilitaka kitu kimoja, niwe mkavu kabisa, mkavu kwa muda mrefu wa kutosha ili tukubaliwe kurudi kwa Waya, Joris asikae peke yake, na Dani asizungushwe nchi za watu na magoti yake kwa sababu yangu. Kwa hiyo niliacha kunywa. Nilipopewa maji nilimwagia maua ya stesheni. Supu ya masista nilimpa Akinyi. Jua lilikuwa kali, hata wazungu wenyewe walikuwa wakilalamika, na ulimi wangu ulikuwa kama kipande cha gunia. Lakini kila asubuhi niliamka mkavu, na kila asubuhi Dani alikuwapo kitanda cha jirani, akikoroma kama injini ya boti inayoondoka Luanda Kotieno. Mnaona jinsi hesabu yangu ilivyokuwa ikitoka sawasawa? Nikiwa mkavu, Dani analala na mimi.

Nilikunja nguo za kila mtu. Niliomba chakula kwa heshima na sikumaliza. Sikugombana na Akinyi hata aliponitafuta.

"Huyu mtoto ni malaika," Waya akasema siku moja kwenye treni.

Dani alinishika kidevu, akanigeuzia dirishani penye mwanga. "Malaika midomo yao haijapasuka hivi," akasema. "Wewe, nyakwara, unakunywa maji?"

"Ndiyo, Dani."

Nyakwara maana yake mjukuu wangu. Aliniita hivyo pole pole, macho yake hayakuniacha, nami nikatabasamu na ule mdomo uliopasuka.

Nilianguka kando ya ziwa lile lililooshwa. Nakumbuka mgongo unauma, nakumbuka mawe madogo meupe yakinijia usoni, kisha kitambaa cha kijani juu yangu, maana Dani alikuwa ameshika stuli kunikingia jua. Zahanati walinitundikia maji ya mshipa. Daktari alizungumza na Waya kwa lugha ambayo sikuijua. Nilichoweza kuelewa ni kwamba alinyoosha kidole kwangu mara nyingi, na kwamba Waya alipiga simu, na kwamba kabla hatujaondoka pale Joris alikuwa ameingia, shati limekunjamana kwa kuendesha gari bila kupumzika.

"Mama," Waya akasema, "daktari anataka alale mahali pamoja, pa kutulia. Itabidi turudi kwangu."

Dani alitazama mlango, akatazama stuli, akanitazama mimi. "Mtoto kwanza," akasema.

Ndani ya gari alikaa nyuma na mimi, leso imefunika kichwa mpaka kwenye nyusi, uso ameupa dirisha. Kila alichotaka Joris akijue alikipitisha kwa Waya.

"Mwambie apunguze mwendo, mtoto anarukaruka."

"Mama, mwambie mwenyewe, ni hapa tu yuko."

"Basi mwambie nimesema umwambie."

Joris akapunguza mwendo kabla Waya hajafungua mdomo. Alikuwa ameanza kujifunza.

Nililazwa kwenye chumba kile kile, kitanda kile kile. Godoro lilikuwa kavu, na hakuna aliyesema neno juu yake. Kila nilipofungua macho, usiku au mchana, Dani alikuwa ameketi kando yangu kwenye stuli, mgongo wima, leso mabegani, midomo ikitembea katika nyimbo za kanisa bila sauti. Alininywesha maji kwa kijiko. Nilifikiri nimesamehewa. Nilifikiri, ameona ninavyoteseka kwa ajili ya kukauka, akarudi.

Halafu nikakojoa. Nilikuwa usingizini, na maji yote yale waliyonipa kwa mshipa na kwa kijiko yakatoka kwa pamoja, mengi kuliko wakati mwingine wowote. Niliamka nikisikia joto linasambaa, na kabla sijapata la kufanya Dani alikuwa ameweka mkono chini ya blanketi.

Akainuka. Akafungua mlango. "Amekojoa," akaita. "Njooni. Mtoto amekojoa."

Waya akaja mbio, mikono juu, anamshukuru Yesu. Akinyi akaja. Na kule kwenye korido, nyuma yao wote, niliona kichwa cha Joris kikiinuka juu ya kichwa cha Waya, masikio mekundu, akapiga makofi. Akasema kwa Kiswahili chake, "Vizuri sana, vizuri sana."

Daktari alikuwa amewaambia waningojee nikojoe. Ndiyo dalili aliyowapa ya kwamba figo zimeamka na hatari imepita. Mimi sikuambiwa. Niliona tu watu wote wa nyumba ile, hadi mwenye godoro, wamesimama mlangoni wakisherehekea kitu nilichokuwa tayari kufa ili wasikijue, na aliyewaita ni Dani. Nilivuta shuka lenye unyevu juu ya uso wangu, nikakaa humo.

Mambo ya siku zilizofuata ndiyo yanayonichoma. Nilipopata nguvu, Dani alianza kutupeleka bustanini karibu na nyumba mchana, mimi na Akinyi. Ni bustani nzuri, yenye bata na mabenchi yaliyopakwa rangi. Anafika, anavua viatu, anakaa benchi, na kabla hatujahesabu bata amelala. Analala usingizi mzito, kichwa kimeanguka nyuma, mdomo wazi mpaka meno machache yanaonekana, kitambaa cha kichwa kimeteleza, anakoroma. Kila siku hivyo, bustani nzima ikisikia. Akinyi aliviokota viatu vyake vikuukuu vya kanisani, akaviweka mapajani visiibwe, akakaa ubavuni mwake akipiga miguu hewani.

Mimi nilikuwa na hasira naye. Alikuwa amenianika, na sasa alikuwa akijianika mwenyewe. Wazungu walipita na watoto wao safi. Nilijiona nanuka mkojo. Nilimwona yeye na mdomo ule, nikajiona mimi ndani yake, nikainuka nikahamia benchi nyingine, ng'ambo ya njia.

Siku moja mama mmoja mwenye mbwa mdogo alisimama. Alimtazama Dani, akanitazama mimi, akaniuliza kitu. Sikuijua lugha yake, lakini kidole chake kilitoka kwa Dani kikaja kwangu, na swali lilikuwa wazi. Nikatikisa kichwa kukataa. Nikatazama bata.

Sijui Dani alikuwa ameamka tangu lini. Nilipogeuka alikuwa amekaa wima, anafunga kitambaa chake, ananitazama ng'ambo ya njia. Akachukua viatu kwa Akinyi, akavivaa. Akachukua stuli iliyokuwa imeegemezwa kwenye benchi, akavuka. Nilidhani atanipiga, au atakaa karibu nami. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliikunjua stuli hatua kadhaa kutoka nilipokuwa, akakaa ubavu, uso ameupa upande mwingine, leso imeshushwa mpaka kwenye nyusi.

"Mwambie namsalimia," akamwambia Akinyi.

Akinyi akacheka. Mpaka leo sijui kama Dani alikuwa akitania. Nilimjibu kupitia kwa Akinyi, kwamba na mimi namsalimia, kisha tukakaa hivyo mpaka bata wakarudi majini.

Tulirudi Kenya. Nikaacha kukojoa, si mara moja, lakini nikaacha. Dani alirudi Asembo na stuli yake, akaipeleka kanisani, sokoni, matangani. Mimi kila nilipokwenda kumtembelea nilileta zawadi nilizoshona kwa uangalifu mkubwa, mishono ya ndani mizuri kama ya nje, na sikukaa sana. Desturi ya wakwe niliijua nilipokua, kama kila mtu anavyoijua. Nimeshona nguo za watu wengi wanaokwenda ukweni. Lakini sikuwahi kuipeleka ile desturi kwenye roshani ile, wala kwenye benchi ile. Nilichoamua nikiwa mtoto nilikiacha pale kilipokuwa, nikajenga juu yake.

Wiki hii Waya na Joris wamekuja kwa mazishi. Joris nywele zimekwisha kuwa nyeupe. Hakuingia nyumba ya Dani. Alikaa nje chini ya tenti, kiti chake amekigeuza kidogo kisitazamane na mlango, na wazee waliopita walimtazama wakaridhika. Mimi na Waya tulikuwa ndani tunafagia, na yeye ndiye aliyeikunjua tena stuli.

"Hii," akasema, akaipangusa. "Hii ndiyo ilimchosha mama yangu, ulipokuwa mgonjwa."

"Ilimchosha vipi?"

"Hakulala, si unajua. Tangu tulipokurudisha mpaka siku ya ndege. Nilimwomba. Nikamwambia, Mama, lala hata chini, Mungu ataelewa. Akasema, Mungu ataelewa, lakini mkwe wangu je? Akasema kukaa si kulala. Akakaa na wewe usiku wote, na usingizi wake akaupeleka nje."

Nilisimama na ufagio. "Bustanini."

"Alikuwa analala wapi tena?"

Nikamwuliza nilichopaswa kumwuliza tangu nikiwa msichana wa shule. Nikamwuliza kwa nini tuliondoka asubuhi ile ya kwanza. Akaniambia, kwa mshangao, kama anayemweleza mtu jina lake mwenyewe. Akaniambia pia kwamba Joris naye alilia siku ile, akidhani Dani amemkataa kwa sababu ya rangi yake, na kwamba Waya alipompelekea mama yake maneno hayo, Dani alisema, "Mwambie kama hangekuwa mkwe wangu, ningelala hata juu ya sofa yake."

"Nilidhani ni mimi," nikasema.

"Wewe ulifanya nini?"

"Nilikojoa kitandani kwenu. Usiku wa kwanza."

Waya alinitazama. Kisha akacheka, akacheka mpaka akalazimika kukalia stuli, na katikati ya kicheko kikageuka, akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Mtoto," akasema. "Mimi kazi yangu ni shuka. Nilijua mchana ule ule, Joris aliponipigia simu akiuliza afanye nini. Nikamwambia afue. Yule akafurahi kupata cha kufanya."

Jioni mwili ukaletwa, ukawekwa sebuleni, na kwaya ya kanisa ikaanza kukesha. Nilichukua stuli nikaiweka karibu na jeneza, nikakaa mgongo wima. Sikumwambia mtu, lakini nilikuwa nimeamua. Nitakaa mpaka kuche. Kitu kimoja nitakifanya kwa ukamilifu, kwa ajili yake, bila mshono kupinda. Nikaimba nao. Nikabana macho, nikafumbua. Nikavua viatu ili baridi ya saruji iniweke macho.

Nilipoamka jua lilikuwa limeingia mlangoni. Kichwa changu kilikuwa kimeanguka nyuma ukutani, mdomo wazi, mate yamekauka shavuni. Nyumba ilikuwa imejaa watu waliokuja asubuhi, wamama wa kanisa na majirani, wamekaa kila mahali wananizunguka. Uso wangu ukapata moto. Nikatafuta viatu kwa miguu, havikuwapo.

Akinyi alikuwa chini, kwenye mkeka, ameegemea mguu wa stuli. Viatu vyangu vilikuwa mapajani mwake.

"Umekoroma," akasema.

"Mbona hukuniamsha?"

"Ulikuwa umechoka." Akavipangusa vumbi kwa kiganja, kimoja kisha kingine, akanipa. "Kuna mama mmoja hapo alikuja akauliza ni nani huyu amelala hivi."

"Ukasemaje?"

"Nikamwambia ni dada yangu."